Kufika Karagwe kwa Miguu: Historia ya Ugeni Katika Nchi Isiyojua Gurudumu

Katika dunia ya sasa vipo visiwa vichache vilivyojipatia sifa kwa kuyakataa magari, ambavyo wageni huvifuata kwa sababu hiyohiyo. Hydra, kisiwa kidogo cha Ugiriki kilicho karibu na pwani ya Peloponnese, huhudumiwa na punda na mashua, na katika pwani ya Waswahili mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda ndiye mbeba mizigo mkuu hadi leo. Katika sehemu hizo kutokuwepo kwa magari kumekuwa bidhaa, maana mgeni hulipa nauli ili akapate utulivu ambao mji wake umeupoteza. Historia ya bara la Afrika Mashariki, hata hivyo, ina mfano wa aina nyingine, wa nchi ambayo haikuyakataa magari kwa kuwa haikuwa imeyaona, na ambayo juu ya hali hiyo ya kutembea ilijenga utaratibu kamili wa kumpokea mgeni, kumlisha, kumchunguza na kumruhusu kuendelea na safari. Nchi hiyo ni Karagwe, ambayo eneo lake leo limegawanyika katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Karagwe, yenye makao makuu Kayanga, na Kyerwa. Makala haya yanaeleza jinsi utaratibu huo ulivyofanya kazi katika karne ya 19, nani aliugharamia, na kwa sababu gani ulitoweka kabla hata ya gari la kwanza kufika.

Nchi na watawala wake

Karagwe ni nchi ya vilima virefu vinavyopangana sambamba, vikitenganishwa na mabonde yenye mito na maziwa madogo. Upande wa magharibi na wa kaskazini imezungukwa na Mto Kagera, ambao leo ni mpaka kati ya Tanzania na Rwanda na kwa sehemu kati ya Tanzania na Uganda, na upande wa kusini ilifunguka kwenye Ziwa Burigi, ambako njia za kutoka Tabora ziliingilia. Wenyeji wake ni Wanyambo, jina linalowajumuisha Wahima, waliojulikana kwa ufugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu, na Wairu, waliokuwa wakulima wa migomba, maharage na mtama na pia wafua chuma. Juu yao alikaa Omukama, yaani mfalme, wa ukoo wa Wahinda, ambao masimulizi ya kale yanaufikisha kwa Ruhinda, mwanzilishi wa nasaba kadhaa za kusini-magharibi mwa Ziwa Nyanza. Israel Katoke, mwanahistoria ambaye kitabu chake kuhusu ufalme huu kilichapishwa Nairobi mwaka 1975, anaifuatilia historia ya Wanyambo tangu takriban mwaka 1400 hadi 1915.

Makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange, ndani ya Wilaya ya Karagwe ya leo. Katikati ya miaka ya 1850, baada ya kifo cha Omukama Ndagara, wanawe waligombania kiti, na Rumanyika ndiye aliyeshinda dhidi ya nduguye Rogero. Masimulizi ya ikulu, kama yalivyoandikwa na wageni waliofika baadaye, yalieleza kwamba uhalali wake ulithibitishwa kwa ngoma ndogo iliyojazwa dawa, ambayo wagombea wengine walishindwa kuiinua huku yeye akiinyanyua kwa kidole kidogo. Ushindi huo ulikuwa pia na sababu nyingine iliyoonekana wazi zaidi, nayo ni bunduki za Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makao yake Tabora, ambaye alimsaidia Rumanyika vitani. Hivyo mfalme aliyekuja kusifiwa na wageni kuliko wafalme wote wa njia hiyo alikuwa na sababu ya msingi ya kuwathamini, kwa kuwa mgeni mmoja alikuwa amechangia kumweka kitini.

Kwa nini watu walitembea

Kutembea hakukuwa chaguo. Mbung'o, mdudu anayeeneza maradhi ya nagana kwa wanyama, walienea katika mapori mengi kati ya pwani na maziwa makuu, kiasi kwamba farasi, nyumbu na punda waliochukuliwa kutoka pwani mara nyingi walikufa njiani. Ng'ombe wa Karagwe, ingawa walikuwa wengi, walifugwa kwa ajili ya maziwa, mahari na heshima, na hawakubebeshwa mizigo. Hakukuwa na gurudumu la aina yoyote, wala barabara pana ambayo ingelifaa. Kilichokuwepo ni vijia vyembamba vya kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine, ambavyo vilijulikana vizuri, vikiwa na vituo, visima na vijiji vya kununulia chakula.

Mizigo yote, kwa hiyo, ilibebwa na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na kila mmoja alichukua takriban kilo 30 kichwani au begani. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na kati ya wapagazi na mwenye mali walisimama Waungwana, watu wa pwani waliozungumza Kiswahili, waliobeba bunduki na kusimamia kambi. Kutoka pwani ziliingia nguo za pamba, hasa merikani iliyofumwa Marekani na kaniki iliyotiwa rangi ya buluu, pamoja na ushanga na nyaya za shaba. Kuelekea pwani zilitoka pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa, jambo ambalo mwandishi wa historia ya misafara hawezi kulifunika kwa sifa za ukarimu wa wenyeji.

Mwendo wa safari hizo ulipimwa kwa afya ya wapagazi, mavuno ya mwaka na matakwa ya watawala kuliko kwa umbali. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliotaka kuthibitisha chanzo cha Mto Naili, waliondoka Bagamoyo Oktoba 1860 na kufika Tabora, iliyokuwa ikiitwa pia Kazeh, Januari 1861. Sehemu iliyobaki hadi Bweranyange haikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini iliwachukua miezi kumi, kwa sababu ya vita kati ya wafanyabiashara wa Tabora na mtemi Manua Sera, upungufu wa wapagazi, maradhi, na madai ya watawala waliokuwa njiani.

Hongo na nchi isiyotoza hongo

Madai hayo yaliitwa hongo, maana yake ushuru wa njia ambao kila mtawala aliutoza kabla ya kuruhusu msafara upite katika ardhi yake. Hongo haikuwa na kiwango kilichoandikwa. Mtawala alitaja idadi ya nguo, nyaya na ushanga, mwenye msafara akalalamika, wajumbe wakaenda na kurudi kwa siku kadhaa, na wakati huo wote wapagazi waliendelea kula posho, yaani mgawo wa chakula au nguo za kununulia chakula, ambayo ilimpunguzia tajiri mali yake. Katika nchi ya Usui, iliyopakana na Karagwe upande wa kusini, mtawala Suwarora aliwazuia Speke na Grant kwa majuma kadhaa mwaka 1861 na kuwatoza sana kabla ya kuwaachilia.

Walipovuka mpaka na kuingia Karagwe kwa njia ya Ziwa Burigi, hali ilibadilika ghafla. Wakuu wa vijiji waliwajia na chakula bila kudai malipo, wakieleza kwamba wageni wa mfalme hawatozwi ushuru katika nchi hii na kwamba wao wameamriwa kuwalisha. Jambo hilo liliwashangaza Waingereza, ambao waliliandika kama tabia njema ya mtu mmoja, na tangu hapo Rumanyika amekuwa akitajwa katika vitabu vya wasafiri kama mfalme mpole na mkarimu. Ufafanuzi huo una ukweli lakini hautoshi, kwa sababu tabia ya mtu haiwezi peke yake kuagiza ndizi, mbuzi na kuku kutoka kijiji baada ya kijiji katika njia nzima. Palikuwa na mfumo wa amri, wajumbe na wajibu, na palikuwa na hesabu.

Hesabu yenyewe inaeleweka mtu akiitazama ramani ya biashara ya wakati ule. Karagwe haikuwa mwisho wa safari kwa wafanyabiashara wengi, maana soko kubwa zaidi la pembe lilikuwa kaskazini, Buganda na Bunyoro. Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa wa kwanza wa jamii yake kufika katika ikulu ya Buganda, alifika huko mwaka 1844 wakati wa Kabaka Suna, na Snay bin Amir, mfanyabiashara mwingine wa Tabora, alisafiri hadi Karagwe na Buganda mwaka 1852 na kumpa msafiri Mwingereza Richard Burton maelezo ya nchi hizo miaka michache baadaye. Rwanda, upande wa pili wa Mto Kagera, ilikuwa imefungwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo mfalme aliyeshika njia ya kwenda Buganda alifaidika zaidi misafara ilipopenda kupita kwake kuliko kama angeikamua mara moja na kuifukuza, na zawadi alizopewa na wageni walioridhika zilikuwa badala ya hongo ambayo hakuitoza.

Kafuro, kituo cha wageni

Matokeo ya siasa hiyo yalionekana Kafuro, kituo cha biashara kilichojengwa na Waarabu na Waswahili karibu na Bweranyange katikati ya karne. Kafuro haikuwa mji wa mawe kama miji ya pwani. Ilikuwa mkusanyiko wa nyumba za miti, udongo na nyasi, zenye maghala ya pembe na nguo, mashamba ya chakula na mifugo. Palikuwa mahali pa kupumzika, kuajiri wapagazi wapya, kubadilishana habari na kusubiri ruhusa ya kuendelea. Ahmed bin Ibrahim mwenyewe alihamia huko akaishi kwa miaka mingi, akiwa na watumwa, ng'ombe na akiba ya pembe, na msafiri Henry Morton Stanley alimkuta hapo mwaka 1876.

Kuwekwa kwa wageni mahali pamoja, nje ya ikulu lakini karibu nayo, kulikuwa na faida ya kiutawala. Mfalme aliwaona, alijua idadi ya bunduki zao, alipata nguo kabla ya watawala wengine, na aliwazuia wasitawanyike miongoni mwa raia. Kafuro pia ilikuwa njia mojawapo ya kuingiza Kiswahili katika nchi ya Wanyambo muda mrefu kabla ya shule na serikali za kikoloni, na ushahidi bora wa hilo ni mfalme mwenyewe, kwani Speke na Grant walipoingizwa kwake tarehe 25 Novemba 1861 aliwazungumzia kwa Kiswahili kizuri. Aliwauliza wanaionaje Karagwe, kwa kuwa yeye aliamini milima yake ni mizuri kuliko yote duniani, na kama hawakulipenda ziwa lililokuwa chini ya makao yake. Swali hilo, ambalo leo lingeulizwa na mwongoza watalii, linaonyesha kwamba uzuri wa nchi haukugunduliwa na wageni, bali ulikuwa jambo la fahari kwa wenyeji waliotaka kuusikia ukisifiwa.

Kanuni za kukaa na kuondoka

Mgeni aliyefika alipewa mahali pa kupiga kambi, chakula na tembo la ndizi, ambalo Wanyambo na Wahaya huliita orubisi. Buni zilizochemshwa na kukaushwa zilitafunwa, desturi iliyoenea katika eneo lote la Kagera, ambako kumpa mgeni buni za kutafuna ni dalili ya kumkaribisha. Maziwa, hata hivyo, yalikuwa na masharti. Wahima waliamini kwamba mtu anayekula samaki, kuku, nguruwe au maharage akinywa maziwa huwadhuru ng'ombe waliokamwa, na wageni wa Rumanyika walijikuta katika nchi yenye ng'ombe wengi wakipata maziwa kwa shida. Ukarimu wa mfalme haukuweza kuvunja mwiko wa wafugaji, na tukio hilo linathibitisha kwamba ugeni uliendeshwa kwa kanuni ambazo hata mfalme alizitii.

Kanuni kubwa kuliko zote ilihusu kuondoka. Mgeni hakuweza kuelekea Buganda kwa uamuzi wake, bali Rumanyika alituma habari mbele, na msafara ulisubiri hadi Kabaka Mutesa alipotuma mjumbe wa kuwachukua. Mjumbe huyo, aliyeitwa Maula, alifika Januari 1862 akiwa na watu na ngoma, na Speke akaondoka naye. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, na kwa kuwa Waganda hawakuruhusu mgonjwa aingie katika nchi yao, ilimbidi abaki Karagwe hadi Aprili, alipoondoka akiwa amebebwa na Waganda katika machela. Kwa takriban miezi mitano alikuwa chini ya ulinzi wa Rumanyika, akichora picha, akikusanya mimea na kuandika mambo ya nchi. Baraka, mmoja wa Waungwana wa msafara, alitumwa kwa njia nyingine kwenda Bunyoro kutafuta habari za Mzungu aliyetarajiwa kutoka upande wa Sudan. Njia zote hizo, ya Buganda na ya Bunyoro, zilifunguka kwa neno la mfalme mmoja, na ndivyo ilivyoonekana nguvu ya mtu aliyeshika mlango wa nchi ambayo haikuweza kuingiwa kwa haraka. Grant alipochapisha kitabu chake mwaka 1864 alikiita matembezi ya kuvuka Afrika, na jina hilo lilikuwa sahihi kuliko majina mengi ya vitabu vya wavumbuzi.

Vivuko vya maji vilikuwa sehemu ya mlango huohuo. Speke alivuka Mto Kagera kwa mitumbwi mahali palipoitwa Kitangule, ambako leo kuna Daraja la Kitengule, na bila wenyeji wenye mitumbwi hakuna msafara, hata ukiwa na bunduki nyingi kiasi gani, ambao ungevuka na mizigo yake mikavu.

Stanley alipofika Februari 1876, akitoka upande wa Buganda, aliukuta utaratibu uleule ukiendelea. Rumanyika, ambaye sasa alikuwa mzee, alimpa waongozaji na mitumbwi, naye Stanley akapita katika Mto Kagera hadi Ziwa Ihema, ambalo leo liko Rwanda, na akapiga kambi katika kisiwa kidogo ndani yake. Alipelekwa pia kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, katika eneo la Kyerwa ya leo, ambako aliwakuta watu waliokuja kutoka mbali kujitibu kwa kuoga. Hao nao walikuwa wageni wa Karagwe, ingawa vitabu vya safari huwataja kwa sentensi chache tu. Hawakuwa na nguo za kutoa wala bunduki za kuonyesha, na kuwepo kwao kunaonyesha kwamba desturi ya kuizuru nchi hii kwa miguu ilikuwa ya wenyeji wa maziwa makuu kabla ya kuwa ya watu wa pwani na Wazungu.

Katika ikulu Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, vyombo vya shaba, ngoma na mikuki, pamoja na bunduki aliyoiacha Speke. Vitu hivyo vilikuwa alama za ufalme, kazi ya wahunzi ambao sanaa yao ilihusishwa na mamlaka ya Omukama, na mgeni aliyeruhusiwa kuviona alikuwa akioneshwa msingi wa utawala. Baadhi ya vitu vya hazina ya Karagwe baadaye vilichukuliwa Ujerumani wakati wa ukoloni na kuwekwa katika makumbusho.

Gharama ya ukarimu

Ni lazima kuuliza chakula cha wageni kilitoka wapi. Waandishi wa safari walisema kilitolewa kwa gharama ya mfalme, lakini mfalme hakulima. Mikungu ya ndizi, maharage, mtama, mbuzi na kuku vilitoka katika mashamba na mazizi ya wanavijiji walioishi kando ya njia, na hasa Wairu, ambao tayari walitoa mazao na kazi kwa watawala. Kwa hiyo ushuru ambao mgeni alisamehewa ulilipwa na mkulima, na aliyeishi karibu na njia ya Burigi alibeba sehemu kubwa kuliko aliyeishi mbali nayo. Faida, kwa upande mwingine, iliishia zaidi Bweranyange, katika nguo, nyaya na bunduki zilizoimarisha ikulu.

Jambo hilo haliufuti ukarimu wa Wanyambo, ila linauweka mahali pake. Desturi ya kumpa mpita njia ndizi, maji na mahali pa kulala ilikuwepo katika kaya kabla ya misafara mikubwa, na ufalme uliichukua desturi hiyo ukaifanya chombo cha siasa ya nje. Ilifanya kazi kwa sababu mgeni alikuja polepole, katika njia iliyojulikana, akionekana siku kadhaa kabla hajafika, kiasi kwamba habari zake zilimtangulia na chakula kiliweza kuandaliwa. Mwendo wa mguu ulimpa mwenyeji muda, na muda huo ndio uliomwezesha kuamua.

Mlango ulivyohamishwa

Utaratibu huu haukuangushwa na gari. Uliangushwa kwanza na mashua. Katika miaka ya 1870 wafanyabiashara na wamisionari walianza kuvuka Ziwa Nyanza kutoka pwani yake ya kusini moja kwa moja hadi Buganda, na wamisionari wa Kianglikana waliofika kwa Mutesa mwaka 1877, pamoja na Mapadri Weupe waliofika mwaka 1879, walitumia ziwa na kuiacha Karagwe pembeni. Msafara uliopita majini haukuwa na haja ya kuomba ruhusa Bweranyange wala kupumzika Kafuro. Wakati huohuo Rumanyika alifariki, na ugomvi wa urithi ulioleta mauaji ndani ya ukoo wa kifalme uliidhoofisha ikulu iliyokuwa ikitoa amri za njia. Stanley alipopita tena mwaka 1889, safari hii akirudi na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta (Equatoria) huko Sudan, alikuta ufalme umepungukiwa na Kafuro imepoteza biashara yake.

Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, ulipita Afrika Mashariki na kuangamiza mifugo ambayo utajiri wa Wahima ulitegemea. Novemba 1890 Emin Pasha, akiitumikia Ujerumani, alianzisha kituo cha Bukoba kando ya ziwa, na Karagwe ikaanza kutawaliwa kutoka upande ambao zamani ulikuwa ubavu wake. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliiunganisha Bukoba na Mombasa, na njia ya Tabora ikakosa sababu ya kuwepo. Katika kizazi kimoja tu mlango wa Karagwe ulihama kutoka kusini kwenda mashariki, na sehemu iliyokuwa sebule ya wageni ikawa uani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia palitokea dalili kwamba Karagwe ingerudi kuwa njia kuu. Waingereza walidai sehemu ya mashariki ya Rwanda iitwayo Gisaka, ng'ambo ya Mto Kagera, kwa nia ya kupitisha reli ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, na wakaishika kwa muda mfupi kabla ya kuirudisha chini ya Ubelgiji. Reli hiyo haikujengwa. Magari yalikuja baadaye kwa kazi nyingine, ya kuhudumia machimbo ya bati ya Kyerwa na kusafirisha kahawa hadi Bukoba, na barabara zao zilifuata mahitaji ya mzigo na ya ofisi za serikali. Miji iliyokua kandokando ya barabara hizo, Kayanga ikiwa mojawapo, haikurithi nafasi ya Bweranyange wala ya Kafuro, kwa kuwa ilizaliwa na utawala wa wilaya na biashara ya mazao. Mamlaka ya watawala wa jadi yalifutwa kisheria baada ya Tanganyika kupata uhuru, na pamoja nayo ikafutika ofisi ya mwisho ambayo ingeweza kudai kwamba kumpokea mgeni ni kazi yake.

Historia hii na mgeni wa leo

Leo Karagwe na Kyerwa zina sababu mpya za kutembelewa. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya eneo hili na kupata Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, ya Ibanda-Kyerwa na ya Burigi-Chato, na hivyo jina la mfalme aliyewauliza wageni kuhusu milima yake limewekwa juu ya milima yenyewe. Barabara ya lami imefika kutoka Bukoba kupitia Kyaka hadi Bugene na Kayanga, na mtu anaweza kufika kwa saa chache mahali ambapo Speke alifika baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Urahisi huo ni neema kwa mgonjwa, mkulima na mwanafunzi, na hakuna mwenyeji mwenye akili atakayetamani machela ya Grant.

Hata hivyo, funzo la karne ya 19 halihusu uzuri wa kutembea, bali nani ana uamuzi juu ya ugeni. Hydra na Lamu zinafaidika na ukosefu wa magari kwa sababu wenyeji wake wanaendelea kushika njia ya kuingilia, mashua, punda na nyumba za kulala, na Karagwe ya Rumanyika ilifaidika kwa sababu hiyohiyo, ingawa faida haikumfikia mkulima aliyetoa ndizi. Utalii unaopangwa sasa unaweza kurudia kosa hilo, endapo magari yatapita Kayanga kwenda hifadhini na kurudi bila kusimama, na gharama zibaki vijijini. Njia ya kuliepuka ipo. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, zikishirikiana na wazee wa Kinyambo na mamlaka za mambo ya kale, ziipime na kuiwekea alama njia ya miguu kutoka Burigi hadi Bweranyange, Kafuro na Mtagata, ziwafundishe vijana wa vijiji vinavyopitiwa kuwa waongozaji, na ziweke kwa maandishi kwamba chakula, malazi na ada za njia hiyo zilipwe moja kwa moja kwa kaya zinazovitoa. Karagwe ilijua kumpokea mgeni kabla ya wengi. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba safari hii anayemlisha ndiye anayelipwa.